Kusukuma Mama Lotsove mupaka ku maji ya Kilo

Batoto yangu ba santre, mbote kwenu. Munasemaka, "Koko Masika, bibi yetu, utuachie hata neno kidogo mbele ya kusahau." Nimeshaanza kusahau, kwa hiyo musome haraka. Miye nilisoma mupaka primere ya tatu, kiisha baba akasema mbuzi haziwezi kujichunga. Kama munaona mistari yangu inapanda mulima, mukono njo inapanda, akili iko pale pale chini.

Mambo ya grade na mushahara muende kuuliza ku biro. Miye nitasema juu ya viti ya magurudumu, na juu ya maji yenye kuanguka, na juu ya siku moya yenye sijaielewa bado mupaka leo.

Siku ya kwanza nilikuja hapa Nyakasanza, mu Bunia, nikifikiri ni kazi ya jikoni. Masere, ule mutawa mwenye kuongoza santre wakati ile, aliniuliza tu neno moya: "Mama, mikono yako iko na nguvu?" Nikamujibu, iko, natwangaka sombe, majani ya muhogo, tangu utoto. Akasema, "Basi, kuja kesho." Nikalala na furaha, nawaza sufuria kubwa. Kesho yake nafika: hakuna sufuria, hakuna sombe. Iko viti imepangwa ku baraza, na muzee moya anaipompa upepo mu magurudumu.

Muzee ile njo Papa Bahati, fundi ya viti. Alikuwa na muguu moya ya nyama na moya ya mbao. Hakunisalimia vizuri, akanionyesha kiti: "Kaa."

"Miye niko mugonjwa, Papa?"

"Weye uko mufanyakazi. Kaa juu ya kazi yako."

Nikakaa. Akanisukuma, tukatoka ku barabara mupaka ku soko. Yeye mwenyewe kushika kiti ilimusaidia kusimama, kwa hiyo sijue ile siku nani alisukuma nani. Lakini kila jiwe ya Nyakasanza niliijua kwa matako. Akishuka mulima mbio, roho yangu inaruka. Akisimama kusalimia batu, miye nabakia naangalia mikaja ya bamama, kwa sababu ni pale kichwa yangu ilikuwa imefika. Nilipomulilia akasema, "Vizuri. Ile yote yenye umechukia, usimufanyie mutu."

Sasa, batu ya kwetu baliniona mu soko juu ya kiti. Niliporudi nyumbani mangaribi, nakuta bamama bamejaa mu kiwanja, chai inachemuka, shemeji yangu amekwisha kufunga kitambaa ku kichwa. Bwana yangu anasimama ku mulango, macho nyekundu. Anaangalia miguu yangu. Miguu inatembea. Anaangalia tena. "Masika," anasema, "balisema gari imekukata."

"Nimepata kazi," nikamuambia.

Bakakunywa chai ya kilio hivyo hivyo, juu sukari ilikuwa imeshaingia.

Papa Bahati alinifundisha vitu yenye munafanya leo bila kujua ni ya nani. Usiguse kiti mbele ya kumuambia mwenye kukaa. Mulima ikiwa ya kushuka, geuza kiti, weye utangulie chini kinyumanyuma, mugongo ya kiti iko inakuelekea, mutu anaangalia kule mulitoka. Freni haishikake mu matope, weka jiwe. Na mutu mwenye tumbo haina nguvu, mufunge na kitenge ku mugongo ya kiti, sawa vile unabebaka mutoto, lakini fundo ikuwe nyuma, mukono yako iifikie upesi. Alikuwa anasema, "Ile fundo njo freni ya tatu." Nilifikiri ni maneno ya bazee tu. Mutaona.

Kiisha kukaanza hizi sorti. Masere alisema batu yetu benye kukaa ku viti baende kuangalia maji inaanguka. Nikamuuliza: maji iko mugonjwa? Hapana. Tunaenda kuteka? Hapana. Kufua? Hapana, Masika, kuangalia. Miye nimetembea maisha yangu yote ku maji, na ndoo ku kichwa, na sikukumbuka hata siku moya kuisimamia bure na kuiangalia. Maji inatoka juu, inakuja chini. Ingetoka chini ikapanda juu, pale ningelipa hata nauli.

Tulikuwa tunaenda pale karibu na muji, penye projet moya ilimwangaka njia ya siment. Ile njia ni muzuri, sikatae. Viti mbili zinapishana, mulima yake ni ya pole, choo iko na mulango mupana. Tunapanga viti mustari moya, freni, jiwe, mandazi. Batu banaangalia maji. Miye naangalia batu. Mutu mwenye kugombana na siye wiki muzima juu ya mito ya kiti, pale ananyamaza kama mutoto mwenye kunyonya. Nikamuuliza Papa Bahati iko nini ndani ya ile maji. Akasema, "Ni kitu moya tu yenye inakwenda na haimwambie mutu, 'Weye ubakie.'" Sikuelewa. Nikatia akiba.

Sasa Mama Lotsove. Bengi benu mulimujua: mama mukubwa, mufupi, sauti ya mupadri. Miguu yake ilikuwa imekufa kwa ugonjwa. Tulimupeleka ku maji ya siment, akaangalia kidogo, akasema, "Siyo hii."

"Siyo nini, Mama?"

"Siyo maji yenye nataka. Munipeleke ku maji ya Kilo."

Kilo ni mbali, njia ni mbaya, na kule hakuna siment. Nikamubembeleza: Mama, maji ni maji. Akanikata jicho. Kila sorti ni hivyo, "siyo hii." Kiisha tukasikia mutoto yake wa Kampala anakuja kumuchukua akae naye kule, na mvua ilikuwa karibu, na mvua ikianza njia ya Kilo inakufa. Ni pale alikataa kula. Akamuambia Masere mbele yangu: "Nikiingia Kampala bila kuona ile maji, mutakuwa mumenizika na macho wazi." Masere aliangalia mbingu, akaangalia miye, akasema, "Mutaenda siku ya ine ya juma, kama barabara ni muzuri."

Barabara ikakuwa muzuri. Shofere yetu alikuwa Dido. Tukabeba pompe, mbao mbili za kupandishia kiti, kamba, na shambreri ya akiba, mupira ya ndani ya gurudumu. Masere akasema mu Kilo iko mutu mwenye kujua njia, yuko Bunia leo, mumubebe kando ya barabara ya Lumumba. Tukasimama Lumumba. Mwanaume moya murefu anatoka, mabega ya muchimbaji, kofia mu mukono. Anafungua mulango, anaona Mama Lotsove, na anafunga mulango.

Nikatoa kichwa: "Papa, ni siye. Panda."

Anaangalia chini. "Nitakaa nyuma kabisa, na vitu."

"Nyuma iko mbao na pompe."

"Ni vizuri. Napenda mbao."

Nikawaza, huyu ni mulevi, ao ni mwizi. Nageuka kumuangalia Mama, naye amejifunika kitenge kichwa muzima, hakuna hata pua. Nikafikiri anataka kutapika. Nikafungua dirisha. Akavuta kitenge zaidi. Nikafunga dirisha, labda ni baridi. Nikamupa mufuko ya kutapikia, akaisukuma. Nikamuuliza ule mwanaume jina yake, akasema Ngabu. Pale Mama akakohoa kama mutu mwenye kumeza muiba. Mu gari miye pekee yangu naongea kama redio.

Ku bariere askari akauliza tunaenda wapi. "Kilo, kuangalia maji," Dido anasema.

"Kuangalia maji."

"Ndiyo, shefu."

"Bamama benye hawatembei banatoka Bunia kuangalia maji." Anazunguka gari. "Na huyu amejifunika juu ya nini?"

"Hatujue, shefu," nikamuambia, na ilikuwa kweli. Akainua mito ya kiti, akaifinya, anatafuta dhahabu. Akakuta esponji. Akaturudishia mito na uso ya mutu mwenye kudanganywa lakini haone wapi. Nilimuhurumia, tulikuwa babili.

Mbele kidogo Dido akasimamisha gari, eti kuangalia pine ya gari. Akaniita nyuma. "Koko, weye haujue ama unacheza?"

"Kujua nini?"

"Ule ni mukwe yake. Alioaka binti yake, marehemu Neema."

Batoto, musikie vizuri. Kwa familia ya Mama Lotsove, mama na mukwe yake habaonane uso. Bakikutana mu njia, moya anaingia mu majani. Habakule pamoja, habaitane jina, na mama haingie hata siku moya mu kiwanja ya mukwe. Kwetu siye, mukwe anapiga goti, anasalimia, anakula kuku, inaisha. Nilijua bengine banajifichaka, lakini sikuwaza ile kitu inaweza kupanda gari yangu.

"Na Neema alikufa wapi?"

"Kule. Nyumba yake iko pale pale karibu na maji. Kaburi iko nyuma ya nyumba."

Pale njo nilielewa nusu. Binti yake alioleka kule, akazaa kule, akakufa kule, na mama yake hakuona hata mulango, juu ni kiwanja ya mukwe. Hata siku ya kuzika alibakia Bunia na kilio yake. Lakini maji siyo kiwanja ya mutu. Kuangalia maji haiko kutembelea mukwe. Nusu yenye sikuelewa ni hii: nani aliita Ngabu? Dido akaapa ni Masere. Masere kisha akaniambia ni Dido. Nikamuuliza Mama, akasema ni Mungu. Mungu sikumuuliza.

"Turudi?" Dido anasema.

Nikaenda ku dirisha. "Mama, turudi?"

Kitenge ikajibu: "Ukirudisha hii gari, nitashuka na nitatambaa."

Pale penye gari haiende tena, Ngabu akatuonyesha mufereji. Ni mufereji yenye Babeleji balichimba zamani ya kupeleka maji ku dhahabu, inazunguka mulima, na kando yake njia nyembamba, sawa kama meza. Hakuna projet ilijenga ile njia juu ya viti, lakini kiti ilipita pale vizuri kuliko ku siment. Dido akabakia kulinda gari. Tulikuwa batatu: Mama, miye, na mukwe.

Nikasimama nawaza. Mutu wa kusukuma ni Ngabu, miye goti yangu ilikuwa imeshaanza kulia. Nikaangalia kiti, nikaangalia Mama, nikaangalia Ngabu. Batoto, munajua mwenye kukaa anaangalia wapi? Mbele. Mwenye kusukuma iko wapi? Nyuma. Nikamuambia, "Papa Ngabu, kamata mikono ya kiti." Akakamata. Mama akasikia kiti inakwenda. Akatoa jicho moya mu kitenge, kiisha mbili, kiisha kitenge yote ikashuka ku mabega. Mbele yake hakuna mukwe. Iko mulima tu, na mufereji, na maji ya matope rangi ya chai ya maziwa, sababu huko juu batu bako banasafisha dhahabu. Bakaenda hivyo, yeye anaangalia mbele, huyu anaangalia mbele, kama batu ba ndani ya misa.

"Masika," Mama anasema, "uambie mwenye kuwa nyuma asiende mbio."

Nageuka: "Anasema usiende mbio."

"Umuambie nimesikia," Ngabu anasema.

"Amesikia, Mama."

"Nimesikia kama amesikia. Siko kiziwi."

Kiisha tukafika penye mufereji ilibomoka. Mvua ya mwaka jana ilikata njia, kubakia shimo ya mawe, kushuka na kupanda. Maji tunaisikia sasa, haionekane. Ngabu anasema pole, kama anaongea na mawe: "Hapa babili njo bananyanyua, moya mbele, moya nyuma."

Mwenye kushika mbele anakuwa uso kwa uso na mwenye kukaa. Kwa hiyo mbele ni miye. Goti au hapana goti. Mama ananiangalia goti. "Utaniangusha, Masika."

"Nitakuangusha pole pole."

Nikakumbuka Papa Bahati. Nikatoa kitenge yangu ya pili, nikamufunga Mama ku mugongo ya kiti, fundo nyuma, mbele ya tumbo ya Ngabu. Tukageuza kiti. Ngabu akatangulia kushuka kinyumanyuma, uzito yote ku mabega yake, mugongo ya kiti ikasimama katikati yao kama ukuta. Miye juu, nashika penye miguu. Jiwe, tunapumua. Jiwe, tunapumua. Chini Ngabu akaanza kupanda naye ngambo ya pili, kinyumanyuma vile vile, pale goti yangu ikasema basi. Nikakaa chini. Miguu ya kiti ikaniponyoka, kiti ikalala upande, Mama anaenda mu mawe.

Hakuenda. Ngabu alishika fundo. Hakushika bega, hakushika mukono, alishika kitenge tu, na mikono mbili, na Mama ananing'inia pale kama mutoto ku mugongo ya mama yake, uso mbele ya mawe. Nikajikokota, nikasimamisha gurudumu, kiti ikakaa.

Kiisha Mama akapumua. "Masika. Uliza mwenye kuwa nyuma kama kitenge yako imepasuka."

"Imepasuka?"

"Umuambie ni mushono tu," Ngabu anasema.

"Ni mushono, Mama."

"Umuambie kitenge ni muzuri."

Akamuvuta mupaka juu, na miye nikamufuata na mikono na magoti, mufanyakazi wa kusukuma viti. Tukazunguka mulima, na maji ikakuwa pale.

Sitadanganya kama ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya matope. Inaanguka nene, nyekundu, na inapiga kelele yenye inaingia mu meno. Ngabu akapeleka kiti mupaka penye majani imelowa, akafunga freni, nikaweka jiwe. Upande ya kuume, juu ya migomba, niliona bati ya nyumba. Mama aliiona pia, najua, juu aligeuza kichwa upande ya kushoto, kwa nguvu, akairudisha ku maji pekee. Alishika ngambo zote mbili ya kiti. Sasa, kwa ile kelele, mwenye kuongea anapandisha sauti, na mwenye kusikia lazima ainame. Miye katikati nikangoja "uambie mwenye kuwa nyuma." Haikukuja.

Mama akaambia maji, kwa sauti yake ya mupadri: "Neema alinisimuliaka. Eti usiku hapa ni kama mvua. Eti anaamukaka, anakimbia kuanua nguo, na hakuna mvua."

Maji inapiga. Ngabu nyuma yake aliangalia maji vile vile. Akasema, "Kila usiku. Namucheka, anarudi kulala, nguo kavu juu ya kitanda."

"Sasa nani anaanua?"

Ngabu akasema, "Miye, Mama. Najua ni maji tu. Naamuka tu."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mupaka kiti ikatingizika, nikakimbilia kukanyaga jiwe ya gurudumu. Ngabu pia akacheka, na kofia ku uso. Bakacheka hivyo kwa maji, kiisha bakaongea, bakaongea sana, na bote babili banaangalia mbele. Juu ya batoto, nafikiri, na juu ya ugonjwa ya Neema. Sijue. Maji ilimeza. Nilisogea ili nisikie, Mama akanionyesha na kidole niende kule mbali, penye jiwe kubwa. Nikaenda, nikakaa, na juu sikuwa na kazi nikaangalia maji. Inatoka juu, inakuja chini. Niliiangalia mupaka baliniita, na sikujua kama muda imepita.

Mu kurudi, ku ile shimo, Ngabu aliita batu babili ba kusafisha dhahabu, bakasaidia. Mu gari akarudi ku mbao zake, juu kazi yake ya Bunia haikuisha, na Mama ku kitenge yake, hakuna pua. Ungesema hakuna kitu ilifanyika. Pale Lumumba Ngabu aliposhuka, kitenge ikaniambia: "Masika, uambie mwenye kushuka, nguo ya batoto aanue mapema. Ya batoto haikauke upesi."

Nikamuambia. Akasema amesikia.

Masere alitungoja ku lango ya santre na taa. "Basi? Mulipata kuiona? Ilikuwa muzuri?"

Nilikuwa na matope mupaka ku shingo, goti kama mukate. Nikamuambia kweli tu: "Masere, maji ni chafu, njia imevunjika, na Mama anasema Kampala ingoje, tutarudi."